Usikunje Kebo Mapema: Niliyoyasema Jumamosi Pale Mtwara

Wale ambao hamkufika Jumamosi mmeniomba sana niyaweke hapa, basi haya. Nimeyatoa kwenye rekodi ya simu ya binti mmoja aliyekaa mbele. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, na ile nusu saa umeme ulipokatika tukakaa kusubiri nayo nimeiacha. Mengine ni kama nilivyoyatamka.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu, na nyie vijana hamjambo? Kuchele! Naona bado mnaitikia, timu yetu ya Ndanda imeshuka daraja tangu 2020 lakini ile salamu yetu ya kuchele bado ipo mioyoni, nimefurahi sana.

Mshereheshaji amenipokea kwa kusema huyu dada aliwahi kusimama karibu na Kaká, yule nyota wa mpira wa Brazil, na mkapiga makofi. Ni kweli nilisimama karibu na Kaká. Ila hiyo habari sio ya kupigiwa makofi jamani, na leo ntaieleza yote, mana nimeombwa niongee kuhusu mafanikio ya kazi ya kutangaza michezo kwenye televisheni na mimi nimekaa wiki nzima nafikiria nikaona nikiongelea mafanikio tu ntakuwa nimewadanganya watoto wa nyumbani kwetu. Miaka 15 nimeifanya ile kazi, nimeanza 2006, nimeacha 2021. Naipenda mpaka leo. Na imenichukulia vitu ambavyo sitavipata tena. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, naomba mnivumilie.

Naanzia Mikindani. Baba yangu alikuwa fundi redio. Wazee wa Mikindani mliopo hapa mnamjua, kile kibanda cha makuti cha kuteremkia baharini. Hakuwa na umeme pale, chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya alikuwa anakiweka kwenye jiko la mkaa kinapata moto, anakitoa anakifuta na kitambaa kilicholowa, tsss, alafu anagusa waya mmoja kwa wepesi kama anamgusa mtoto aliyelala. Ile harufu ya risasi mpaka leo nikiisikia popote nasimama. Na betri zikiisha nguvu alikuwa anazianika juu ya bati, jua la Mtwara linazirudishia uhai kidogo, za kusikiliza taarifa ya habari tu. Nani hapa hajaanika betri? Ehee, mnacheka, wote mmeanika.

Sasa Novemba 1993, Simba wako fainali ya Kombe la CAF, la shirikisho la mpira Afrika, na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Kule Abidjan wametoka suluhu, marudiano Dar. Televisheni Bara bado hatuna, hata hiyo ITV imekuja mwaka uliofuata. Ni Redio Tanzania basi. Mtaa mzima ukahamia kwa baba, mikeka imetandikwa, watu wa Yanga nao wamo wamejifanya wamepita tu. Baba kanunua betri mpya, sio za kuanika. Mimi nina miaka kumi nimekaa chini ya meza yake kwenye miguu.

Mnajua ilivyoisha. 2-0, tumefungwa nyumbani, mbele ya Rais Mwinyi, mbele ya nchi. Watu wakanyanyuka mmoja mmoja wakakunja mikeka hata kuagana hawaagani. Nikabaki mimi na baba na redio inawaka. Nikamwambia baba zima, betri zinaisha. Akasema, "Nyamaza. Sikiliza watu wanavyotoka." Nikasikiliza. Na kweli nyuma ya mtangazaji unasikia maelfu ya watu wanatembea na hakuna anayeimba, kama mvua ya mbali hivi. Akaiacha mpaka kipindi kikaisha kikaanza kingine cha kilimo ndo akaizima.

Pale ndo nilipoamua. Sikujua kazi yenyewe inaitwaje, nilijua tu kwamba nataka niwe kule ambako ile sauti inatoka.

Haya, twende 2010. Tarehe 7 Juni, Brazil wanakuja Dar kujiandaa na Kombe la Dunia la Afrika Kusini, wanacheza na Taifa Stars. Brazil jamani! Kaká, Robinho, hawa watu tuliokuwa tunawaona kwenye mabango ya saluni. Sisi kituo chetu hatukuwa na haki ya kuonyesha mechi, tulikuwa na kamera moja ya habari, mimi ripota na mpiga picha wangu, mzee mmoja aliyenizidi miaka ishirini na kitu, mtu wa maneno machache sana. Nilikuwa na miaka minne kazini najiona najua kila kitu.

Mpira umeenda, wametufunga, wametufunga tena, na mimi akili yangu yote iko kwenye handaki, pale wachezaji wanapotokea, nataka nimpate Kaká akitoka. Zimebaki dakika chache nikamwambia mzee kunja kebo twende. Akaniangalia. Akasema, "Mpira haujaisha dada." Nikamwambia mzee, huu umeisha, twende tupate nafasi kabla wengine hawajajaa. Mimi ndo ripota, neno langu ndo linafuatwa, akakunja. Anaikunja kwa mtindo wake wa kiganjani na kiwikoni, taratibu, kama mtu anayekunja wavu. Tukafika kwenye mlango wa handaki, kamera begani imezimwa, na uwanja ukalipuka.

Sijawahi kusikia mlipuko ule. Watu wanalia, watu wanavua mashati, ungedhani tumechukua kombe. Jabir Aziz kafunga kwa kichwa. Tanzania imeifunga Brazil goli! Mechi imeisha 5-1 na hilo 1 ndo lilikuwa habari yote ya siku ile, na kamera yetu ilikuwa inaangalia ukuta.

Kaká nilimpata, ndiyo. Sekunde nne, anapita, hajaongea.

Njia nzima kurudi ofisini mzee hakunilaumu. Tumefika, anashusha vifaa, ndo akaniambia hili neno ambalo nimelibeba mpaka leo hapa mbele yenu. "Usikunje kebo mapema." Basi. Akaenda zake kunywa chai.

Vijana mnaosoma uandishi, na nyie mnaorusha vitu vyenu kwa simu, nataka mlielewe hili neno kwa ndani. Kila mtu anafika mapema. Kila mtu anataka mwanzo, anataka nyota anashuka kwenye basi na hedifoni shingoni. Anayebaki ni nani? Nani anabaki?

Mnamjua John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mwaka 1968, Olimpiki ya Mexico City, marathoni. Walianza watu 75. Akaanguka, goti likaharibika, akafungwa bandeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia kashinda, kashapokea zawadi, jua limezama, watu wameondoka wamebaki elfu chache tu. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, huyu mtu wetu anaingia uwanjani anachechemea, damu kwenye bandeji, mtu wa 57, wa mwisho. Na alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake dunia nzima inalijua, kwamba nchi yake haikumtuma maili elfu tano akaanze mbio, ilimtuma akamalize.

Tunalisifia sana hilo jibu na linastahili. Mimi mwenzenu nikiitazama ile picha namuwaza mwingine kabisa, namuwaza mpiga picha. Mana walikuwa kwenye kugawa medali wakasikia kuna mkimbiaji mmoja bado yuko barabarani, wakatumwa wakamfuate. Wangesema tumechoka, tumeshapata dhahabu, tukunje? Akhwari angeingia kwenye giza peke yake na sisi leo tusingejua kitu. Angekuwa namba tu kwenye karatasi, saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Ujasiri angekuwa nao uleule, ila wewe na mimi tusingekuwa nao.

Na juzi juzi tu, Septemba 2025, Tokyo. Nani alikesha na Simbu? Nyooshe mkono. Mimi nilikesha pale Mikindani na mama yangu, saa tisa na nusu usiku huo, mama hajui marathoni ni nini ila anajua bendera. Mjerumani Petros anaongoza mpaka mita za mwisho, ukimwangalia unasema huyu kashachukua, Alphonce Simbu anakuja anakuja anakuja, wanafika pamoja, saa inasema 2:09:48 kwa wote wawili! Tofauti sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani kaja kugonga akidhani kuna msiba au harusi. Mtangazaji aliyekunja maneno yake mita hamsini kabla ya mwisho angemtangaza mshindi mwingine.

Sasa nije kwenye lile ambalo sikutaka kulisema, na mume wangu aliyekaa pale anajua nililibadilisha mara tatu.

Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa pembeni ya uwanja, mpira ukiisha namshika mchezaji namuuliza laivu. Mnaijua hiyo kazi, sekunde arobaini, jasho linamtiririka, kwenye sikio langu dairekta anasema haraka haraka tangazo linaingia. Siku moja, mechi ya ligi, kipa kafungwa goli la ajabu, mpira umempita katikati ya miguu. Timu sizitaji. Kipenga kimelia nikamkimbilia yeye, mana nilijua ndo picha ya siku. Nikamwekea maiki nikamuuliza, "Unajisikiaje kufungwa goli la kizembe kama lile?" Kwa maneno hayo hayo. Laivu, nchi nzima.

Akaniangalia, akasema, "Dada, nashukuru," akaondoka.

Kile kipande kilirushwa wiki nzima. Ofisini nikapongezwa, swali kali, dada haogopi. Baadae mtunza vifaa wa ile timu akaniita pembeni, mzee wa watu, anakunja jezi chafu huku anaongea hata haniangalii. Akaniambia yule kijana alitoka kumzika mama yake. Kasafiri usiku kucha na basi kurudi kuwahi mechi kwa sababu kipa wa pili alikuwa mgonjwa, na aliomba yeye mwenyewe adake ili timu isipate shida.

Nilimtafuta yule kipa, nikamkuta mazoezini. Nimeandaa maneno yangu ya kuomba radhi, nimefika mbele yake yote yakapotea nikaanza kulia mimi badala yake. Akanipoza yeye. Akasema, "Usijali dada, wewe ulikuwa kazini." Jamani. Bora angenitukana. "Ulikuwa kazini."

Toka siku ile sijamuuliza mtu aliyefungwa anajisikiaje. Nilikuwa naanza na "pole". Kisha nanyamaza, namwachia yeye aamue, dairekta apige kelele anavyotaka. Na amini usiamini walikuwa wanaongea zaidi. Mtu ukimpa pole kwa Kiswahili cha kwetu na ukamaanisha, anafunguka. Kijana mwenye maiki hapa, lishike hilo, halina gharama.

Na mlionitumia maswali kuhusu mwanamke kwenye hii kazi, ntajibu kwa kifupi. Nimeambiwa nisikatize mbele ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo mana mwanamke analeta mkosi. Kiongozi mzima wa timu, na suti. Nikakaa hapohapo na kamera yangu. Siku hiyo wakashinda na hakuna aliyekuja kusema mkosi umeenda wapi. Dada zangu, mtaambiwa mengi, mengine hayastahili jibu, kaeni tu pale mlipotakiwa kukaa.

Baba sasa.

Ndanda ilipopanda Ligi Kuu, ule msimu wa 2014 na 2015, mji huu mnakumbuka ulivyokuwa? Nangwanda Sijaona imejaa, watu wametoka Newala, Tandahimba, Masasi, wengine wamelala stendi. Na mimi nikapangiwa nije nifanye ripoti ya mechi Mtwara. Nyumbani! Nikampigia baba simu, nikamwambia baba, safari hii utaniona nikiwa kazini kwa macho yako. Baba hakuwa na televisheni, fundi redio mpaka mwisho wake, alikuwa anasema picha inamfanya mtu asisikilize.

Tulikuja na gari la kituo kutoka Dar, na ile barabara ya Ndundu mpaka Somanga wakati ule wote mnaikumbuka, sihitaji kuielezea. Tumefika tumechoka, moja kwa moja uwanjani, kuangalia mwanga, kupanga kamera, kutafuta umeme wa uhakika, mechi ya dakika 90 inakula siku nzima na nusu ya usiku. Nikamwona baba kwa mbali kwenye uzio, kavaa kanzu na koti lake la harusi. Koti la harusi, joto lile! Nikampungia mkono, akapunga. Nikaendelea.

Mpira ukaisha. Sasa ripoti lazima ifike Dar kabla ya taarifa ya saa mbili, na intaneti ya kutuma picha siku zile ilikuwa inatembea kama kobe, tuko ndani ya gari tunaangalia asilimia, 12, 13, inakatika, tunaanza upya. Tukatumia muda sana. Imekwenda, dairekta kapiga simu kasema imefika, vizuri, rudini usiku huu huu, kesho kuna kazi. Nikashuka kunyoosha mgongo. Ni saa tatu usiku. Uwanja mtupu, giza. Na baba yangu kasimama getini.

Kasimama pale toka mpira umeisha. Mkononi ana mfuko wa nailoni, ndani kuna ming'oko, ile mizizi yetu ya kula ya Kusini, imechemshwa na mama asubuhi na samaki wa kukaanga amefungwa kwenye gazeti, mafuta yameshaloana gazeti lote unasoma herufi upande wa pili. Kanishika mkono. Akaanza, "Nilikuwa nakusikiliza..." na dereva akapiga honi. Nikamwambia baba, gari linaondoka, nisamehe, nitakuja ligi ikiisha tukae vizuri. Akasema, "Nenda mwanangu, uko kazini."

Neno lile lile.

Dakika tano hazikufika. Ming'oko tumekula njiani sote wanne, wenzangu wa Dar hawajawahi kuila wakawa wanauliza hii inamenywaje, tunacheka, nami nawafundisha. Nilikuwa na furaha njia nzima, hilo ndo linaloniuma kuliko yote.

Ligi ikiisha. Mnajua ligi inaisha lini? Haiishi. Ikimalizika Mei kuna Kombe la Kagame, kuna usajili, kuna timu zinaenda kambi, kuna tamasha za Agosti, inaanza tena. Mimi nilimwahidi baba "ligi ikiisha" misimu mitatu. Akafariki 2017, siku ya Jumamosi, nimepata simu niko uwanjani. Sikuja kujua alichokuwa anataka kuniambia pale getini. Alinisikiliza wapi? Mimi nilikuwa natengeneza ripoti ya picha, sio redio. Alisikiliza nini? Mama namuuliza, naye hajui. Kuna siku nafikiri alikuwa kwenye uzio amefumba macho anasikiliza uwanja kama tulivyosikiliza 1993, lakini hiyo ni mimi najitengenezea.

Naomba maji kidogo.

Asante mwanangu.

2019, Machi 24, tumewafunga Uganda 3-0, Taifa Stars imefuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39. Msuva, Nyoni, Aggrey Morris. Nilikuwa pale pembeni, sauti imekauka, wanaume wazima wananikumbatia siwajui. Uwanja ule ambao mwaka uliofuata ukapewa jina la Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, na naomba vijana mkumbuke kwamba Mkapa kabla ya urais alikuwa mwandishi wa habari, mhariri, mwenzetu kabisa wa fani na wa Kusini. Basi pale kwenye shangwe nikamwona mzee kwenye siti za chini, watu wote wanaruka yeye kakaa, kaweka redio ndogo sikioni. Mechi iko mbele ya macho yake na anasikiliza redio! Mpiga picha wangu, yule yule mzee, hata sikumwambia kitu, akageuza kamera akamchukua yule babu na akakaa naye, akakaa naye. Ile picha haikurushwa. Nilikuwa nayo kwenye hadi diski, ndo moja ya zile nitakazoonyesha baadae.

Machi 2020 ligi ikasimama kwa korona. Karibu miezi mitatu. Nikaja Mikindani, mara ya kwanza nakaa na mama yangu zaidi ya siku nne toka nimeanza kazi. Usiku wa kwanza mama kanipakulia chakula kwenye sahani ya wageni. Ile yenye maua, inayokaa juu ya kabati. Hakuwa na nia mbaya kabisa, mkono wake tu ulienda wenyewe. Nimekula kwenye ile sahani nikajua kwamba nyumbani kwetu mimi ni mgeni. Juni ligi ikarudi, nikarudi nayo mwaka mmoja zaidi mana nilikuwa na mkataba, alafu nikaandika barua.

Mwaka huo wa mwisho ndo wa Namungo. Watu wa Lindi mko wapi? Ruangwa juu! Timu kutoka Ruangwa, imepanda Ligi Kuu 2019, inaingia Kombe la Shirikisho Afrika. Februari 2021 wanaenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, wanazuiliwa kule kwa habari za korona, mechi haichezwi, CAF wakaamua zote mbili zichezwe Dar. Ya kwanza Namungo 6-2! Ya pili wakapigwa 3-1 wakapita hivyo hivyo. Makundi! Raja Casablanca, Pyramids, Nkana, na watu wa Ruangwa. Nilijisikia nimeota mbawa.

Wakapoteza mechi zote sita za makundi bila goli hata moja. Na nataka niwaambie kilichotokea upande wetu wa kamera. Mechi ya kwanza tuliipa dakika tatu kwenye taarifa. Kufika ya nne, sekunde ishirini, sauti juu ya picha. Ya mwisho ilisomwa matokeo tu, kati ya habari nyingine. Nilibishana, nikaambiwa hadithi yao imeisha. Wachezaji wale wamepanda ndege wameenda kucheza mechi ambayo haina maana tena kwenye msimamo na wakafungwa 1-0 tu na Pyramids, timu ya mabilioni. Nani alibaki nao? Mchezaji anayejua hawezi kufuzu na bado anakimbia dakika ya 88, mnaona hapo hakuna hadithi? Mimi naiona kubwa kuliko ya zile 6-2.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini nimerudi na kwa nini nawasumbua wikiendi zenu, ndo hiyo. Kamera za Dar zinakuja Kusini timu ikiwa juu. Ikishuka hazipiti tena. Siwalaumu, nimekuwa ndani ya yale magari, najua mafuta yanahesabiwaje. Lakini mpira wa Mtwara haukusimama, unachezwa kila jioni kwenye mchanga pale Shangani, Naliendele, Mikindani, Ndanda kwenyewe, mabinti wanacheza na kanga zimefungwa kiunoni, na nyie mna simu zinazopiga picha kuliko kamera niliyokosea nayo goli la Jabir Aziz.

Jumapili ijayo mabinti wa Mikindani wanacheza na wa Naliendele, kiwanja cha shule, saa kumi jioni. Nimeongea na walimu wao wamekubali. Nataka watu sita, watatu wa picha, wawili wa sauti, mmoja wa kuandika majina ya wachezaji wote 22 na wa benchi, na majina yaandikwe sawasawa, hakuna kitu kinamuuma mchezaji kama jina lake kukosewa. Atakayewahoji aanze na waliofungwa. Mje saa saba mchana tuangalie jua linakaa upande gani.

Mama atapika ming'oko. Kurudi nyumbani sijui ni saa ngapi, kwa hiyo wazazi mliopo hapa naomba ruhusa kabisa, nitawasindikiza mwenyewe mlango kwa mlango. Na mwenye pawabenki aje nayo, pale shuleni hakuna soketi hata moja.